Mwanangu alishashonwa mdomo, kaakaa bado, na baba yake anasema imetosha

BARUA

Shikamoo Shangazi. Naomba usiweke jina langu wala kijiji, andika tu mama wa Kasulu inatosha, huku tunajuana wote na wapo wanaokusoma.

Nina miaka 27, nina watoto wawili, wa kwanza wa kike na huyu ninayekuandikia habari zake ni wa kiume ana miaka minne na nusu. Alizaliwa na mdomo sungura, na ndani pia kaakaa lilikuwa wazi, yaani ukimfungua kinywa unaona tundu linaenda juu mpaka puani. Kunyonya alishindwa kabisa, nilikuwa nakamua maziwa namnywesha kwa kijiko nimemkalisha wima, nusu yanaingia nusu yanatokea puani, analia na mimi nalia. Mama mkwe akasema nilimcheka mtu nikiwa na mimba. Mimi sikumcheka mtu ila najua nilimeza dawa za malaria kabla sijajijua kama nina mimba, hiyo sijawahi kumwambia mtu Shangazi, wewe ndo wa kwanza.

Alipokuwa bado hajaanza kutambaa ikatangazwa kanisani kwamba kuna madaktari wanakuja mjini kushona midomo bure. Mume wangu mwenyewe ndo alimbeba, tukaenda, wakamshona. Kwakweli walifanya kazi nzuri, imebaki alama ndogo tu chini ya pua, watu walikuja kumwangalia kama mtoto mpya na baba yake akachinja jogoo. Walimpiga picha kabla na baada. Daktari aliniambia kabisa mama, tumeshona nje, ndani bado, akifika mwaka na nusu hivi arudishwe, akaandika kwenye kadi. Kadi ililowa siku upepo ulipoezua paa na ile namba ya simu waliyotupa haipatikani, na hao madaktari hatujasikia wamekuja tena. Basi mambo yakaenda, nikawa nasema mwakani, mwakani.

Sasa shida ni hivi. Mtoto akinywa uji akicheka kidogo tu unatokea puani. Masikio yanatoa usaha kila mara, yakipona hili linaanza lile. Na kuongea ndo kabisa, tunamwelewa mimi na dada yake tu, maneno yote yanatokea puani. Akimwita baba yake inatoka "mama". Sio utani, anasema mama, anamwangalia baba anasema mama. Kijiweni wakalichukua hilo wakawa wanamtania mume wangu, eti kumbe wewe ndo ulizaa. Zamani alikuwa anampakia kwenye baiskeli wanaenda wote kwenye bao, siku hizi anaondoka asubuhi mtoto akiwa bado amelala.

Mwakani anatakiwa aanze darasa la awali. Nilipoenda kumuulizia mwalimu akamuita mtoto mara mbili tatu hakugeuka, akaniambia mama huyu ni mzito, bora umtafutie shule za watoto maalum.

Kuna nesi wa zahanati ameniambia Mwanza wanashona mpaka kaakaa na hawachaji, na kwamba hajachelewa. Nikafurahi nikamwambia mume wangu. Akanijibu mdomo umeshafungwa, sura nzuri, unataka wamkate tena nini, huko ndani nani anaona? Nikamwambia ni bure. Akasema bure gani, nauli bure? Kulala bure? Kula bure? Hela ya maharage mwaka huu ni ya mabati, basi, hakuna mjadala. Na tangu mdogo wake wa kike afie kwenye operesheni ya uzazi hataki hata kusikia neno theatre. Nikimgusia tena anatoka nje.

Mimi niko kwenye vikoba, nina hela yangu hapo, yeye anajua nachangia hisa ila hajui imefika ngapi. Nimepanga nimuage naenda kwa mama yangu Kibondo anaumwa, halafu nipitilize Mwanza na mtoto, ashonwe, nirudi naye akiwa amepona anaongea. Najua akimsikia anamwita baba hasira itaisha yenyewe. Rafiki yangu wa kikundi anasema nenda, mtoto ni wako wewe ndo uliyeteseka. Dada yangu anasema ukirudi utakuta virago nje.

Yeye hajali Shangazi, mimi ndo naona hivyo, alimpenda siku ya jogoo tu. Niambie niende au nisiende?

Mama wa Kasulu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako asubuhi nikairudia usiku, na kabla ya yote nikupe pole na hongera kwa pamoja, maana mtoto mwenye kaakaa wazi kufikisha miaka minne na nusu kwa maziwa ya kijiko hiyo ni kazi yako, hakuna mtu mwingine wa kuidai. Watoto wa namna hiyo wengi wanaishia kwenye utapiamlo kabla daktari hajawaona, kwasababu kaakaa likiwa na tundu mtoto hawezi kuvuta, hewa inapita puani na ziwa halitoi kitu. Wewe bila kufundishwa ulijua kumkalisha wima na kumpa kidogo kidogo. Ndivyo hata wataalamu wanavyofundisha.

Ngoja tuanze na ile uliyoniambia mimi wa kwanza. Mdomo na kaakaa la mtoto vinaungana tumboni mapema sana, mdomo kati ya wiki ya 4 na ya 7, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9, yaani wanawake wengi hapo ndo kwanza wanajiuliza mbona sijaona siku zangu. Zikishindwa kukutana zile pande mbili, zinabaki wazi. Duniani ni kama mtoto mmoja kwa kila watoto 700 hivi, wapo kwa Wazungu, kwa Wachina na kwetu sisi, na mara nyingi sababu haijulikani, ni mchanganyiko wa kurithi na mambo mengine. Zipo dawa zinazohusishwa, baadhi ya zile za kifafa, na sigara, na pombe, na kisukari ambacho hakikudhibitiwa. Kama dawa uliyomeza ni ile ya mseto, ALu, Shirika la Afya Duniani tangu 2022 limeiruhusu hata kwa mimba ya miezi mitatu ya kwanza, na malaria yenyewe usipoitibu ndo ingeweza kukutoa wewe na mimba yako. Kwahiyo huo mzigo mwanangu utue. Na wa mama mkwe pia, kucheka hakujawahi kupasua mdomo wa mtu.

Sasa tuje kwa baba yake.

Umeniandikia kwamba hajali. Mimi sikai kwenu, wewe unamjua mimi simjui, ila nimeiangalia barua yako na kuna vitu umeviandika mwenyewe ambavyo havikai vizuri na hilo neno. Ni yeye aliyembeba kwenda kushonwa, na jogoo alichinja yeye. Mdogo wake alifia theatre, na hilo umelipitia haraka haraka kwenye sentensi moja katikati ya mabati na nauli, kama vile ni kisingizio chake kingine. Inawezekana ni kisingizio. Lakini inawezekana pia kwamba hiyo ndo sababu yenyewe na mabati ndo kisingizio, maana mwanaume wa kwetu kusema "sina hela" ni rahisi, kusema "naogopa wataniletea maiti ya pili" haisemeki, hasa mbele ya mke. Anatoka nje ukigusia, sawa, umeshawahi kumuuliza akiwa ametulia, bila habari ya Mwanza, siku ile ya mdogo wake ilikuwaje?

Halafu hili la "mama". Nataka nikueleze linatokeaje kwasababu nadhani hamna mtu aliyewaeleza nyumbani kwenu. Jaribu sasa hivi kusema "ba" taratibu. Midomo inafunga, hewa inajaa kinywani, inaachiwa. Sasa kama juu kuna tundu hewa haikai, inakimbilia puani, na "ba" iliyotokea puani masikio yanasikia "ma". Ndo maana yake. Huyo mtoto anamwita baba yake baba kila siku ya Mungu, midomo inafanya kazi yake sawasawa, hewa ndo inapotea njia. Nani amemwambia mume wako hivyo? Kijiweni wamemwambia kingine, na yeye ameondoka na hicho.

Kipo kitu unaweza kukifanya hapo nyumbani bila hela. Chukua kioo kidogo kile cha mkononi, kifute kikauke, kiweke chini ya pua ya mtoto, mwambie aseme "babu", "kuku", "papa". Chagua maneno yasiyo na m wala n, maana hizo kila mtu hutolea puani. Kiweke anapoanza tu kusema na ukiondoe kabla hajapumua, maana pumzi nayo huleta ukungu. Kioo kitaingia ukungu. Halafu kiweke kwenye pua ya dada yake aseme maneno yaleyale, kitabaki kikavu. Akifanya hivyo mwenyewe baba yake ule ukungu anauona, na lile swali lake la "huko ndani nani anaona" linakuwa limepata jibu bila wewe kubishana naye. Sisemi atabadilika hapohapo. Wapo wanaume ukiwaonyesha wanakasirika zaidi kwasababu wanaona wamefundishwa na mke, kwahiyo angalia muda, na ikiwezekana binti ndo aanzishe kama mchezo.

Hilo la mwalimu limeniuma na nisiposema nitalala vibaya. Mtoto ambaye masikio yanatoa usaha mwaka mzima, ukimuita mara tatu asigeuke, uzito huenda uko kwenye sikio, sio kwenye akili. Misuli ya kaakaa ndo inayofungua kamirija kanakotoa uchafu kutoka sikio la kati kuja kooni, kaakaa likiwa wazi hiyo misuli haifanyi kazi, maji yanajikusanya, yanaoza, usikivu unashuka. Hili la masikio halihitaji Mwanza wala theatre kulianza, hospitali ya wilaya wanaweza kuyaangalia, na mume wako sidhani kama atagombana na wewe kwa kumpeleka mtoto anayetoa usaha. Na ukiwa hapo ndo unaomba barua ya rufaa, kimya kimya, karatasi tu haimdhuru mtu. Kwa sera yetu mtoto chini ya miaka 5 halipii matibabu kwenye hospitali za serikali, najua na wewe unajua kwamba ukifika utaambiwa dawa zimeisha kanunue nje, ila usajili na kumuona daktari ni haki yake, na huyu wako mitano iko mlangoni.

Haya, mpango wako wa Kibondo.

Sitakuambia ni dhambi, mama akiona mtoto wake anateseka anapanga mambo ambayo siku nyingine angeyacheka. Nataka tu tuutembee wote mpaka mwisho kabla hujapanda basi. Wewe umeupanga kama safari ya kwenda kushonwa na kurudi. Haiendi hivyo. Ukifika hospitali kubwa kwanza ni kliniki, wanamwangalia, wanapima damu, uzito, malaria, wanasikiliza kifua. Damu ikiwa pungufu unarudishwa nyumbani ukamlishe kwanza. Akiwa na mafua au homa wanaahirisha, na wana haki, maana dawa ya usingizi kwa mtoto mwenye kifua kibaya ndo inayoleta hatari. Halafu kuna foleni, unapewa tarehe. Baada ya kushonwa mnakaa wodini, na wiki kadhaa anakula laini tu, uji, supu, hakuna mihogo wala mahindi ya kuchoma wala kuingiza kijiko au kidole mpaka nyuma. Sasa mama yako Kibondo ataumwa muda gani? Mume wako akipiga simu kwa mkwe wake kumpa pole?

Na lingine ambalo ndo linanipa wasiwasi zaidi. Umesema utarudi naye anaongea, na akimwita baba hasira zitaisha. Mwanangu, hatarudi anaongea. Atarudi kinywa kimevimba, amekonda kidogo, anakataa kula, na "baba" bado inatoka "mama". Kushona kaakaa kunampa chombo cha kusemea, kusema kwenyewe anajifunza baadaye, na huyu amezoea kwa miaka kusemea puani. Kwa kawaida kaakaa linashonwa kabla au karibu na miezi 18, kabla maneno hayajakaa, huyu amepita. Hajachelewa, nesi wako yuko sahihi, mpaka watu wazima wanashonwa na wanapata nafuu, chakula kinaacha kutoka puani, masikio nayo yanaweza kutulia, ila sauti itahitaji mazoezi ya miezi na wengine inabidi washonwe tena ndio isafike. Na mara nyingine sehemu ya mshono inaachia kanabaki katundu. Sikutishi, nakwambia ili usije ukaweka ndoa yako yote juu ya sauti ya mtoto wa siku kumi tangu theatre. Baba aliyedanganywa, akimwona mtoto kavimba na haongei, unadhani atasema nini?

Na likitokea baya, ambalo ni nadra lakini lipo, simu ya kwanza utampigia nani, useme uko wapi?

Hayo nimeyasema na bado siwezi kukuambia usiende bila yeye. Mtoto ana haki yake, na fomu ya ridhaa mara nyingi mzazi mmoja anatosha kusaini. Wapo kina mama walioenda peke yao, mwaka umeenda, baba akakubali, na wapo waliorudi wakakuta virago kweli kama anavyosema dada yako. Ninachouliza ni kama kati ya kumtoroka na kukaa kimya hakuna kitu kingine chochote. Mimi naviona viwili vitatu, na kila kimoja kina shimo lake.

Unaweza kuomba kidogo kuliko ulivyoomba. Badala ya "nataka ashonwe" useme "nataka akapimwe tu, daktari atuambie, ukiambiwa mwenyewe ndo utaamua". Kupimwa sio kukatwa. Mtu mwenye hofu anaweza kukubali hatua moja wakati safari nzima ameikataa. Shimo lake ni kwamba nauli inaenda mara mbili, na Kasulu mpaka Mwanza sio hapo jirani, ingawa siku hizi afadhali, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 ile ya kukesha mnasubiri kivuko na mtoto mgongoni imeisha.

Unaweza kumtafutia mwanaume mwenzake. Sio mchungaji wala mjomba wa kuja kumkalisha kikao, hapo atajifunga kabisa na mama mkwe ataingia na habari zake za kumcheka mtu. Namaanisha baba mwingine ambaye mtoto wake alishonwa ndani akatoka salama. Yule nesi hawezi kukosa kumjua mmoja, au mhudumu wa afya wa jamii hapo kijijini. Waongee wenyewe, wewe usiwepo. Au daktari amwelezee kwa simu, na aulize swali lake lote la theatre, ajibiwe tofauti ya mama anayevuja damu usiku anakimbizwa theatre kwa dharura, na mtoto aliyepimwa akaonekana mzima akapangiwa siku yake. Ni vitu viwili mbalimbali, kwake vimekuwa kimoja. Hatari haiondoki yote, na daktari atakayemwambia haipo anamdanganya.

Na ile hela ya vikoba. Hili gumu. Yeye amepiga hesabu kwa maharage yake, anaona mabati yanaondoka. Hajui kwamba nauli ipo. Ukiiweka mezani, neno "hela hakuna" linakufa na mnabaki na neno lenyewe mliloogopa wote. Lakini naijua dunia, kuna nyumba hela ya mke ikionekana tu inakuwa ya mabati, na wewe unabaki huna Mwanza wala hisa. Wewe ndo unajua nyumba yako ni ipi kati ya hizo. Labda useme ipo ya nauli, usiseme yote, hilo mimi silihesabu kama uongo, wengine watanibishia.

Kungoja nako ni uamuzi, usidhani ni kukaa bila kuamua. Ukisema tungoje mwakani mpaka mabati yaishe, ujue masikio yanaendelea kuharibika, shule inaanza na watoto wenzie hawana huruma, na kila mwezi unaopita ulimi unazidi kuzoea njia mbaya. Sio kwamba kuna mlango utafungwa tarehe fulani, ila unazidi kuwa mzito.

Na kuna swali ambalo lazima nikuulize. Umesema anatoka nje ukigusia. Je kuna siku hakutoka, akakuinulia mkono? Kama ipo, mengi niliyoandika hapo juu yanabadilika, usikae kumshawishi mtu anayekupiga, nenda ustawi wa jamii wa wilaya au dawati la jinsia polisi, na wao wanaweza kusimama na wewe kwenye suala la matibabu ya mtoto pia.

Mume wako kuna neno amesema ambalo ni kweli tupu, tumpe haki yake. Bure gani? Tunawatangazia watu kanisani na redioni kwamba operesheni ni bure, mfadhili amelipia nyuzi na dawa ya usingizi, halafu mama anatoka Kasulu kwa nauli yake, analala kwenye sakafu ya wodi, ananunua chakula cha mjini, shamba limebaki na magugu. Hiyo ndo inayowabakisha watoto majumbani na midomo wazi kuliko ushirikina tunaousema kila siku. Hospitali ya CCBRT ya Dar walishaliona hilo kwa kina mama wenye fistula, wale wanaovuja mkojo baada ya uzazi, wakawa wanatuma nauli kwa M-Pesa kabla hawajatoka kijijini. Na kambi za kuja na kuondoka, nazishukuru, mwanao ana mdomo leo kwa ajili yao, lakini kaakaa halisubiri kambi, matamshi hayasubiri kambi. Ndo maana nawapenda zaidi wale kama shirika la Smile Train, lilianzishwa Marekani 1999, wao wanalipia na kuwafundisha madaktari wa nchi husika wafanye kwenye hospitali zao mwaka mzima, mtu akirudi miezi sita baadaye anamkuta daktari yuleyule. Hapa kwetu hospitali ya Bugando ya Mwanza na hao CCBRT ni kati ya wanaoshona midomo na makaakaa. Wataalamu wa matamshi ndo wachache mno nchi nzima, kwahiyo ukimpata mmoja muulize akufundishe wewe mazoezi ya kufanya naye nyumbani, sauti moja moja, dakika chache kila siku. Usikubali ya kumpulizisha mapovu na filimbi kama dawa, watu wanaipenda hiyo lakini kupuliza kunamfundisha kupuliza, "ba" anajifunza kwa kusema "ba".

Kama mnafikiria mtoto mwingine, kwa wazazi ambao wenyewe hawana hali hii na wamepata mmoja, uwezekano wa mwingine kuzaliwa nayo ni kama watatu hadi watano katika mia. Maana yake tisini na tano au zaidi wanazaliwa bila. Hilo nalo mume wako anaweza kuwa analiwaza kimya kimya.

Umeniomba niende au nisiende, na umeona sijakujibu. Sio kwamba nakwepa, ni kwamba kuna vitu viwili siujui ukweli wake na wewe pia hujaujua bado, anaogopa au hajali, na Mwanza watakuambia nini wakimwona mtoto. Vyote viwili vinaweza kuulizwa kabla hujapanda basi. Kwahiyo anza na simu. Mwombe nesi akupigie kliniki ya huko Mwanza, uliza siku gani wanaona watoto wa mdomo wazi, uliza kama kuna sehemu mama anaweza kulala, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama mfadhili anarudisha nauli, na uwaambie kabisa kwamba sikio linatoa usaha wakuambie mje hivyohivyo au litibiwe kwanza. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, apimwe hapo hapo wilayani, mpe maharage hayohayo, mchicha, dagaa, mayai mkipata. Na wiki ya safari akishikwa na mafua usiondoke, piga simu wakubadilishie tarehe, usije ukachoma nauli ya vikoba kwenda kurudishwa getini.